Kiatu cha Bwana Filipo

Siku Isihaka aliposhindwa kesi alirudi nyumbani Mikindani akitabasamu, na Sabra mkewe akajua mara moja kwamba mambo yameharibika. Isihaka hakuwa mtu wa kutabasamu akiwa na habari njema. Akiwa na habari njema alikuwa akikunja uso, apige miayo, aulize kama chakula kipo, mpaka mtu amsihi ndipo aseme.

"Wamesemaje huko Tume?" Sabra aliuliza.

"Wamesema nilifukuzwa kihalali."

"Kihalali."

"Ndilo neno walilotumia, Mama Shadya. Sikulibuni mimi."

Kutoka chumba cha uani ikasikika sauti ya Mzee Yassini, baba yake Isihaka, ambaye miguu ilikuwa imemgomea tangu masika yaliyopita lakini masikio yake yalikuwa bado kazini. "Na kiatu? Wamesemaje juu ya kiatu?"

"Wamesema kirudishwe, baba."

"Sukari wameleta?"

"Hawakuleta."

"Basi hakirudi," alisema Mzee Yassini, na ikasikika akigeuka kitandani kama mtu aliyemaliza kikao.

Kiatu chenyewe kilikuwa chini ya kitanda hicho. Kilikuwa kiatu cheusi cha ngozi, cha mguu wa kulia, mali ya Bwana Filipo, meneja wa kiwanda cha kubangua korosho kilichoko njia ya Naliendele. Isihaka alikuwa msimamizi wa uwanja wa kuanikia korosho hapo kiwandani mpaka siku alipokichukua.

Hakukiiba. Au tuseme alikiiba, lakini kwa namna ambayo mtu yeyote wa kusini angemshangaa kama asingekiiba. Bwana Filipo alikuwa Mmakua, na Isihaka ni Mmakonde, na Wamakonde na Wamakua ni watani. Mmakua akifiwa, Mmakonde ana haki ya kufika msibani, kutukana, kulala njiani jeneza lisipite, kumpora mfiwa chochote na kukishikilia mpaka kikombolewe. Huo ndio msiba uliokamilika. Tatizo ni kwamba Bwana Filipo alikuwa Mmakua wa damu tu. Alizaliwa Moshi, akakulia Moshi, akaoa huko huko, na kusini alikuja mtu mzima mwenye tai. Mama yake, Bi Lucy, ndiye aliyekuwa Mmakua kweli kweli. Zamani, kabla hajaolewa na kuhamia Moshi, alikuwa akiuza mihogo mikavu pale kivukoni Kilambo, na Yassini akiuza chumvi pembeni yake, na kazi yao kubwa ilikuwa kutukanana mbele ya wateja. Alipofiwa na mume akarudi kusini, akamtafuta Yassini Mikindani, na matusi yakaendelea pale pale yalipoachiwa.

Bi Lucy alipofariki, Mzee Yassini hakuweza kusimama. Akamwita mwanawe. "Nenda kaniwakilishe," akamwambia. "Kachukue kiatu cha mfiwa. Bila kiatu usirudi hapa."

Isihaka akaenda makaburini. Mvua ilikuwa imenyesha, na Bwana Filipo alipoinama kutupa udongo kiatu chake kikanasa kwenye tope. Isihaka akakichomoa, akakiinua juu na kutangaza kwamba Mmakua huyu atatembea kwa mguu mmoja mpaka atoe kilo ya sukari. Wamakua wote waliokuwepo walicheka mpaka wakafuta machozi. Bwana Filipo alibaki amesimama na soksi kwenye tope, mbele ya padri na wakwe zake waliosafiri kutoka Kilimanjaro, akitazama watu wakicheka juu ya kaburi la mama yake. Hakuna aliyekumbuka kumweleza. Kila mtu alidhani anajua.

Wiki iliyofuata Isihaka akaachishwa kazi kwa wizi na kumdhalilisha kiongozi.

Na huko Tume ya usuluhishi mambo yangeweza kunyooka, maana mwamuzi alikuwa mtu mpole na alitaka kusikia habari za utani. Aliomba shahidi mmoja tu wa kuthibitisha. Isihaka akampeleka binamu yake Selemani, fundi baiskeli, ambaye hakuna mtu Mikindani anayejua utani kumzidi. Selemani akaapa vizuri, akakaa vizuri, akaanza vizuri. Halafu akagundua kwamba wakili wa kiwanda ni Myao, na Wayao nao ni watani wa Wamakonde. Akasimama, akachukua faili la wakili, akalikalia, akasema kesi haitaendelea mpaka Myao atoe soda. Alitolewa nje na mlinzi. Kwenye uamuzi iliandikwa kwamba shahidi wa mlalamikaji hakutoa ushahidi, alifanya fujo.

"Lakini ule ndio ulikuwa ushahidi wenyewe," Selemani alilalamika baadaye, na mpaka leo hajaelewa kosa lake.

*

Tangu mshahara ukatike, Sabra alikuwa akikaanga bagia na kuziuza nje ya geti la kiwanda kile kile. Hakukuwa na mahali pengine penye watu wengi wenye njaa asubuhi. Wanawake waliokuwa chini ya Isihaka uwanjani walikuja kununua, wakimwita mama kwa sauti ya chini, na wengine walimwachia chenji. Chenji hiyo ilimuuma kuliko mafuta ya moto. Alikuwa akiirudisha mkononi mwa mtu kwa nguvu, halafu jioni akijilaumu, kwa sababu Shadya alikuwa anasoma bweni na bweni halikujua habari za heshima.

Ni mmoja wa wanawake hao aliyemwelekeza kwa Anna, msaidizi wa kisheria, aliyekuwa na kiofisi mjini nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Anna alikuwa binti wa mwalimu kutoka Bukoba, mwenye miwani na kalamu tatu, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, jambo lililomtisha Isihaka.

"Unataka kukata rufaa," alisema Anna. "Kwenye mambo ya kazi tunaomba marejeo, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Una wiki sita tangu upewe uamuzi. Zimebaki ngapi?"

"Mbili," alisema Sabra, kwa sababu Isihaka alikuwa anatazama dari.

"Nyingine nne mlikuwa wapi?"

"Alikuwa anatabasamu," Sabra alijibu.

Isihaka akaomba ruhusa ya kueleza asili ya utani kati ya Wamakonde na Wamakua. Anna akamruhusu. Alieleza vizuri, kwa mifano, na alipofika kwenye tope Anna alilazimika kuvua miwani na kuifuta. Halafu akauliza, "Kile kikao cha nidhamu kazini, kabla hujafukuzwa, ulipewa barua ya kuitwa?"

"Barua ya nini? Nilikuwa uwanjani nageuza korosho, nikaitwa. Nikanawa mikono nikaenda."

"Siku hiyo hiyo?"

"Saa hiyo hiyo."

"Mwenyekiti wa kikao alikuwa nani?"

"Bwana Filipo."

Anna akaweka kalamu chini. "Mwenye kiatu."

"Ndiye meneja, dada Anna. Angeongoza nani mwingine?"

"Aliyelalamika ndiye aliyetoa ushahidi, na ndiye aliyehukumu. Huko Tume ulilisema hilo?"

"Ningelionaje la maana? Mimi nilieleza utani."

Anna alimtazama Sabra, na Sabra akamtazama Anna, na wanawake hao wawili wakaelewana. Hati ikaandikwa, na kiapo kikaandikwa. Isihaka alitaka kiapo kianze na habari za Kilambo na chumvi. Anna akaikata sehemu hiyo. Mzee Yassini, aliposomewa nyumbani, alitaka dole gumba lake liwekwe pia, kwa kuwa kesi ilikuwa yake kabla haijawa ya mtoto. Sabra akamletea wino na karatasi tupu, mzee akaweka dole lake hapo, na roho yake ikatulia.

Shauri likapokelewa ndani ya muda. Siku hiyo Isihaka alikunja uso jioni nzima.

*

Wakili wa kiwanda alipoisoma hati hakuchelewa kuona shimo lilipo. Ujumbe ukafika kwa Anna: kiwanda kitamrudisha Isihaka kazini na kumlipa miezi aliyokaa nyumbani, kwa masharti matatu. Aondoe shauri mahakamani, arudishe kiatu, na aandike barua ya kuomba radhi kwa kumdhalilisha marehemu na familia yake.

Sabra alisikia "kumrudisha kazini" akaona bagia zikipotea mbele ya macho yake moja baada ya nyingine. Alimpelekea mumewe karatasi na kalamu mezani kabla hajamaliza kula.

Isihaka akala taratibu. "Siandiki," alisema.

"Nitaandika mimi. Wewe uweke sahihi."

"Mama Shadya, mtani haombi radhi. Nikiomba radhi, maana yake nilimtukana Bi Lucy kweli. Kwamba nilikwenda kumcheka maiti. Yule mama alikula hapa, alilala kwenye mkeka huu, alimwita baba nyani mbele ya mjumbe. Leo niandike kwamba nilimdhalilisha?"

"Amekufa, Baba Shadya. Hatasoma."

"Ndiyo maana," alisema Isihaka.

Sabra alikasirika, na alikasirika zaidi kwa sababu jibu lilikuwa zuri. Akaingia chumba cha uani kumwomba mkwewe amsemeshe mwanawe. Akamkuta Mzee Yassini amekaa kitandani na kiatu mapajani, akikipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa. Ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa alikipaka, kisipate ukungu.

"Kirudishe, mzee," alisema Sabra. "Tunakufa njaa kwa ajili ya kiatu cha mguu mmoja."

"Kilo moja ya sukari, mwanangu. Wakili wao wanamlipa magunia." Akaendelea kusugua. "Unajua leo asubuhi Elia kapita hapo dirishani?"

Elia alikuwa muuza samaki, Mmakua wa mtaa wa pili. Kwa miaka yote alikuwa akipita na ndoo yake na kupiga kelele kwamba ameleta mikia ya panya kwa Mmakonde mzee asiye na meno.

"Alisemaje?"

"Alisema shikamoo." Mzee Yassini akaacha kusugua. "Shikamoo, mzee Yassini, habari za asubuhi. Nkamwambia, Elia, wewe ni ntani wangu, shikamoo ya nini? Akasema, mzee, mambo haya siku hizi yana mahakama. Wanaogopa, mwanangu. Wamakua wote wanaogopa. Nkifa mimi nani atakuja kuniibia? Ntazikwa kama ntu asiyejuana na watu."

Sabra alikuwa ameingia na maneno mengi. Akatoka nayo yote.

*

Kesho yake aliacha bagia kwa jirani, akavaa kanga mpya na kuingia ndani ya geti. Glory, karani wa meneja, binti mwenye kucha ndefu, akamwambia meneja ana kikao. Sabra akakaa kwenye benchi. Watu wakaingia na kutoka. Mhudumu akapita na chai akamruka. Glory akasema kikao kimerefuka. Ofisi ilikuwa na ukuta wa kioo, na Sabra alimwona meneja ndani, peke yake, akila ndizi.

"Mwambie kikao kikimaliza ndizi, mimi nipo," alisema Sabra.

Akaingizwa. Bwana Filipo alikuwa mdogo kuliko alivyomtazamia, na uso wake ulikuwa wa Bi Lucy mtupu, masikio na yote. Hilo lilimpokonya Sabra nusu ya hasira.

"Mama, wakili amenikataza kuzungumza na upande wenu," alisema.

"Usizungumze, bosi. Sikiliza tu."

Akamwambia habari za Kilambo, za chumvi na mihogo, za matusi. Akamwambia nani alimtuma Isihaka makaburini na kwa nini. Bwana Filipo alisikiliza akilichana ganda la ndizi vipande vidogo.

"Mama yangu hakuniambia kwamba ana rafiki Mikindani," alisema.

"Hakuwa rafiki. Alikuwa mtani. Jumapili ukidhani amekwenda misa ya pili, alikuwa kwetu anamtukana mkwe wangu."

Karibu atabasamu. Halafu uso ukafunga. "Walicheka, mama. Nilikuwa namzika mama yangu, na watu mia nzima walicheka. Wakwe zangu mpaka leo wananiuliza ni nani yule mwendawazimu. Wewe ungefanyaje?"

Sabra alikuwa mtu mkweli. "Ningelia," alisema. "Na ningemchukia mume wangu. Lakini alipwe au asilipwe, kesi tushinde au tushindwe, kule nyumbani kuna mzee anataka kilo moja ya sukari. Hataki kitu kingine."

"Nimpelekee sukari mtu aliyeniibia kiatu?"

"Ndiyo."

"Kwa heri, mama," alisema Bwana Filipo, na Glory akamfungulia mlango.

Njiani Sabra alijiona mjinga. Hakumwambia Isihaka alikokwenda, na Isihaka, ambaye alikuwa ameshaambiwa na nusu ya kiwanda, hakuuliza.

*

Mzee Yassini hakungoja tarehe ya Mahakama Kuu. Alifariki siku ya Ijumaa, kabla ya adhuhuri, kitambaa cha mafuta kikiwa bado mkononi. Isihaka alikikuta kiatu kimeshapakwa, kinang'aa.

Watu walijaa. Ndugu walikuja kutoka Mahurunga, mikeka ikatandikwa uwanjani, viatu na kandambili vikalundikana mbele ya baraza. Na Wamakua wakaja, maana ni majirani wema. Elia alikuja na kofia mkononi, akaketi pembeni na wenzake, akainamisha kichwa. Walitoa pole kwa utaratibu, na walipewa maji wakasema asante. Hakuna aliyetukana wala aliyegusa kitu. Isihaka alikaa katikati ya wanaume, akipokea mikono, na kila Mmakua alipompa pole ya adabu Sabra alimwona akizidi kuzama. Kutoka dirishani, katikati ya wanawake, Sabra aliona kwamba mkwewe anazikwa vile vile alivyoogopa, na moyo ukamuuma kuliko alivyotegemea.

Jeneza lilikuwa limeshatolewa uwanjani lilipofika gari la kiwanda. Bwana Filipo akashuka na tai yake na mfuko wa kaki mkononi. Selemani alimwona, akaanza kuinuka, na watu wawili wakamkalisha.

Bwana Filipo akatembea mpaka mbele ya Isihaka. "Nimekuja kukomboa kiatu changu," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya mwaka. Akaweka mfuko kwenye mkeka. Ilikuwa sukari, kilo moja.

Sabra hakungoja kuitwa. Alikwenda chumbani, akapiga magoti, akakitoa. Alimpelekea mwenyewe mbele ya wanaume wote. Bwana Filipo akakipokea na kukigeuzageuza. Kiling'aa kuliko alivyokinunua.

"Nani alikisafisha hivi?"

"Marehemu," alisema Sabra. "Kila Ijumaa."

Bwana Filipo alikitazama kiatu muda, halafu akalitazama jeneza, halafu akageuka akaelekea barazani, kwenye lundo la viatu. Akainama, akachagua kimoja, akakiinua juu.

"Hiki ni cha Isihaka?" aliuliza.

"Cha shehe hicho," alisema mtoto mmoja.

Akakirudisha haraka, akainua kingine. "Samahani. Hiki?"

"Cha kushoto kwako," alisema Elia, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Hicho kilichoraruka, bwana meneja. Mtani haulizi."

"Sikujua," alisema Bwana Filipo, akakichukua kile kilichoraruka, akakikumbatia kifuani kwenye tai. Mtu mmoja nyuma akatoa kicheko kama chafya, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia. Elia akatupa kofia, akaenda kujilaza chali mbele ya jeneza, akatangaza kwamba Mmakonde huyu haendi popote, anadaiwa mikia ya panya ya miaka thelathini. Wamakua wengine wakamfuata. Mmoja alinyakua kanzu ya Selemani ikiwa bado mwilini mwake. Shehe alitazama saa, akaona hakuna la kufanya, akakaa juu ya viatu vyake.

Isihaka alikuwa ameshavaa kiatu kilichobaki, amesimama na mguu mmoja peku. Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakaja, yale ambayo hayakuja tangu asubuhi, akalia kwa sauti mbele ya watu bila kuona haya.

"Kirudishe kiatu changu, Mmakua," alisema alipoweza kusema.

"Kilo ya sukari."

"Naitoa wapi? Sina kazi. Wewe ndiye uliyenifukuza."

Bwana Filipo akakibana kiatu kwapani. "Basi utalipa mwisho wa mwezi," alisema. "Ukipokea mshahara."

*

Shauri liliondolewa mahakamani kwa makubaliano, bila barua ya radhi ya mtu yeyote. Anna alipongeza pande zote, ingawa alikuwa amejiandaa kushinda na ilimchukua wiki kuzoea. Isihaka alirudi uwanjani Jumatatu akiwa na kiatu kimoja na kandambili moja. Mlinzi alipomwambia kanuni za kiwanda haziruhusu, alimwambia akamuulize meneja kile kingine kiko wapi. Kilikuwa juu ya kabati la faili, na Glory aliapa kwamba Ijumaa meneja alifunga mlango akakipaka dawa ya viatu.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Isihaka alipeleka sukari yake kiwandani. Jioni alirudi amekunja uso, akapiga miayo, akauliza kama chakula kipo. Sabra akatazama miguu yake. Bado kandambili moja.

"Hakukupa?"

"Kasema bei imepanda. Sasa ni kilo mbili." Akaketi. "Na amenitukana, Mama Shadya. Mbele ya uwanja mzima. Kasema sisi Wamakonde tunachonga vinyago vya kutisha kwa sababu tunajitazama kioo kwanza."

Sabra akamwekea sahani mbele yake. "Alitukana vizuri?"

Isihaka akafikiri kwa haki.

"Vibaya," alisema. "Tusi lenyewe alikuwa ameliandika kwenye karatasi. Lakini atajifunza."